Nguo Iliyopandwa Shambani: Historia ya Magome ya Mtoma Karagwe na Kyerwa

Kabla vitambaa vya pamba havijazagaa Karagwe, mkulima aliyetaka wajukuu wake wapate cha kuvaa na cha kujifunika usiku alianzia kwenye tawi la mti. Alikata tawi nene la omutoma, mti wa jamii ya mkuyu ambao wataalamu huuita Ficus natalensis, akalichomeka kando ya migomba mvua zilipoanza. Tawi hilo huota mizizi lenyewe. Miaka ikipita shina hunenepa, likavuliwa gome, na ukilitunza huvuliwa kila mwaka, hata kwa miaka 40. Gome la kwanza hutoa nguo ngumu, inayokwaruza. Laini huja kwenye mavuno ya baadaye. Aliyepanda aliambulia ile ngumu, watoto na wajukuu wakapata nzuri.

Kazi yenyewe haitaki papara. Fundi hukwangua ganda la nje, hupasua gome kutoka juu hadi chini, kisha hulibandua polepole kwa kabari. Papo hapo shina huvishwa majani ya mgomba lisikauke, maana likikauka mti umekufa na urithi umekwisha. Gome hulainishwa kwa moto au mvuke, likalazwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo nzito za mti zenye mifereji: kwanza ya mifereji mipana, halafu ya myembamba. Hupondwa kivulini, kwa kuwa jua lingelikausha kabla halijatanuka. Likishatanuka mara kadhaa ya upana wake wa kwanza, huanikwa juani, nalo hubadilika rangi likawa jekundu la udongo wa tofali. Palipokuwa na tawi hubaki tundu. Hapo hukatwa kiraka cha gome na kushonewa. Anayetaka blanketi huunganisha vipande kadhaa ubavu kwa ubavu. Ukiniuliza, fundi hasa ni yule wa viraka. Kuponda mtu yeyote mwenye mikono atajifunza.

Hata hivyo, Karagwe ya Bahinda, ukoo wa wafalme wake, ilikuwa dola ya ng'ombe. Kwa jumla wafugaji walivaa ngozi, na magome yakawa zaidi ya wakulima. Wapelelezi Waingereza Speke na Grant walipofika Bweranyange, mji wa mfalme, Novemba 1861, Mfalme Rumanyika aliwapokea akiwa amevaa joho jeusi la Kiarabu. Speke ameandika pia kwamba maiti ya Ndagara, baba yake Rumanyika, ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Nguo za magome nazo alizitaja, akiziita mbugu, lakini kwa wageni wale ng'ombe na wafalme ndio waliokuwa habari. Ndiyo maana tunajua mengi zaidi kuhusu vijing'ombe vya chuma na nyundo za kifalme za Bweranyange kuliko kuhusu blanketi la mkulima. Chuma hudumu, gome huoza pamoja na mwenye nalo.

Joho lile la Rumanyika halikudondoka kutoka mbinguni. Kafuro, karibu na mji wa mfalme, palikuwa na kituo cha Waarabu na Waswahili, na misafara kutoka Tabora ilileta merikani, kaniki na shanga ikitafuta pembe za ndovu. Mpelelezi Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta mfanyabiashara Hamed bin Ibrahim akiishi hapo. Baadaye wakaja Wajerumani, Waingereza, kodi na kahawa, na kahawa ikawapa watu wa kawaida fedha ya duka. Nguo ya gome ikarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi kazi iliyobaki kuifaa zaidi ikawa sanda.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, mambo yalikwenda tofauti. Katika ufalme wa Buganda ufundi huu ni jukumu la ukoo wa Ngonge, na Kabaka Ronald Mutebi alipotawazwa mwaka 1993 alivikwa nguo ya gome. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na kwa maoni yangu ufundi huu, ambao tayari ulikuwa umebakiwa na misiba, ulipoteza mteja mwingine mwaka huo, yaani sherehe za ikulu. Huo si wito wa kurudisha ufalme. Lakini kutoka Murongo, wilayani Kyerwa, ukivuka Mto Kagera tu umeingia Uganda, ambako mafundi bado wanaponda na kuuza.

Mitoma bado ipo katika vibanja vyetu vya migomba, ikitoa kivuli kwa kahawa na kushika mipaka. Mwenye mtoma wa babu yake asiukimbilie kwa shoka la kuni. Na nyumba yenye mzee anayejua kuvua na kuponda imkalishe na wajukuu mvua zijazo, kwa sababu gome huvuliwa wakati wa mvua, wala kiangazi halitoki.