Likizo ya vijana Malindi: Kati ya kengele ya shule na msimu wa watalii

KATIKA mji wa Malindi, Kaunti ya Kilifi, likizo ya shule si wakati wa mapumziko kwa kila kijana. Wanafunzi wanapofunga shule mnamo Agosti, na tena mwishoni mwa mwaka, hoteli huwa zinafungua milango kupokea wageni. Wengi wao huvua sare na kushika njia ya ufuoni kutafuta shilingi.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kwa kijana wa umri wa kwenda shule, swali huwa moja: msimu utakapoendelea baada ya kengele ya shule kulia, atarudi darasani au atabaki na mgeni?

Pepo mbili, kalenda mbili

Pwani ya Kenya haifuati majira ya Ulaya. Hapa mwaka hupimwa kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu na jua likiwaka. Kuanzia Aprili huingia kusi pamoja na mvua za masika. Mawimbi huchafuka, mwani hutanda ufuoni na baadhi ya hoteli hufungwa kwa ukarabati hadi Juni. Wageni huanza kurejea Julai na kuongezeka Agosti, mwezi ambao familia nyingi za Italia huenda likizo.

Ukiilinganisha kalenda hiyo na ile ya Wizara ya Elimu, utaona kwamba zinapatana nusu tu. Likizo za Agosti na Desemba huangukia wakati wa kazi. Likizo ya Aprili, ukiondoa siku chache za Pasaka, huja wakati ufuo ni mtupu. Nao Januari na Februari, miezi ya neema kwa wenye hoteli, ni miezi ya masomo. Tena Januari ndiyo wakati wazazi wanapohangaika zaidi kutafuta karo, vitabu na sare. Hapo ndipo kishawishi cha kuendelea na kazi huwa kikubwa.

Jinsi Waitaliano walivyofika

Malindi ilizoea wageni tangu zama za majahazi. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka wa 1498 na kupata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Hata hivyo, sura ya mji wa leo ilichorwa zaidi na Waitaliano.

Katika miaka ya 1960, Italia ilijenga kituo cha kurushia satelaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka huko Aprili 1967, na mnamo Desemba 12, 1970, Marekani ikakitumia kituo hicho kurusha satelaiti iliyopewa jina Uhuru. Mwaka wa 1968, mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilitengwa rasmi. Baada ya wanasayansi na mafundi wakaja watalii, kisha wawekezaji waliojenga hoteli, mikahawa na nyumba za kifahari.

Ndiyo maana Kiitaliano husikika sana katika mitaa ya Malindi. Wapo vijana ambao hawakuwahi kufundishwa lugha hiyo darasani, lakini hupatana bei kwayo bila kusita. Baadhi ya wachuuzi hata hujipa majina ya Kiitaliano ili wageni wawakumbuke kwa urahisi.

Kazi za msimu

Kazi za vijana hao ni nyingi na nyingi hazina mkataba. Wapo wanaouza madafu, leso, vikoi na mikufu ya shanga. Wengine husaidia katika boti zenye sakafu ya kioo, au huwaongoza wageni kuona samaki na matumbawe maji yanapokupwa. Wasichana husuka nywele na kuchora hina. Vikundi vya ngoma hualikwa hotelini usiku kucheza ngoma za Wagiriama.

Malipo hutegemea bahati. Kijana anayempeleka mgeni katika duka la vinyago hupewa kamisheni na mwenye duka, na anayebeba mizigo husubiri bakshishi. Kazi za kudumu hotelini ni vigumu kupata, kwani mwajiri hudai kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa mtu akitimiza miaka 18, na cheti cha afya kwa wanaoshika vyakula.

Aidha, mapato hayo hayana uhakika. Utalii wa Pwani ulitikiswa na ghasia za Likoni mwaka wa 1997, shambulizi la Kikambala mnamo Novemba 2002 na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014, mataifa ya Magharibi yaliwaonya raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za Pwani. Mwaka wa 2020, janga la korona liliwanyima vijana wa Malindi shule na watalii kwa wakati mmoja.

Mitindo inayokuja na kuondoka

Pesa za msimu huonekana kwanza mwilini. Nywele za rasta, miwani ya jua na viatu vya michezo kutoka soko la mitumba ni alama ya kijana aliyepata. Muziki wa Bongo Fleva kutoka Tanzania husikika katika tuktuk, na jioni za wikendi vibanda vya kuonyesha kandanda ya Uingereza hujaa pomoni. Watalii kutoka Nairobi nao, hasa Desemba, huja na Sheng, inayochanganyika na Kiswahili cha Pwani midomoni mwa vijana.

Wazazi wengi hawana ugomvi na mavazi wala lugha. Kinachowatia hofu ni disko matanga, ngoma za usiku kucha zinazopigwa penye msiba ili kuchangisha fedha za mazishi. Viongozi wa Kilifi wamezipiga marufuku mara kadhaa wakizihusisha na mimba za mapema na wanafunzi kuacha shule.

Hatari iliyofichika

Upande wa giza wa msimu ulianikwa Desemba 2006, serikali na shirika la UNICEF zilipotoa ripoti kuhusu ukahaba wa watoto Pwani. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa kati ya wasichana 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakijihusisha na ngono kwa malipo. Iliweka wazi pia kwamba wateja hawakuwa wageni wa ng'ambo pekee. Wakenya walikuwa wengi miongoni mwao.

Mwaka huohuo, Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa na kuufanya utalii wa kuwadhulumu watoto kingono kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wale wa kati ya miaka 13 na 16 wanaruhusiwa kazi nyepesi tu, ambayo haidhuru afya yao wala kuwazuia kuhudhuria masomo.

Kwa hivyo, kijana wa miaka 15 anayeuza madafu mchana wa Agosti hajavunja sheria. Tatizo huanza anapoendelea kuyauza shule zikiwa zimefunguliwa, au anapofuatana na mgeni hadi chumbani.

Pesa za wageni kurudi darasani

Eneo la Watamu lina mfano wa jinsi shilingi ya mtalii inavyoweza kumfikia mwanafunzi bila yeye kuifuata ufuoni. Tangu mwaka wa 2001, mpango wa ASSETS unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya umekuwa ukitoa misaada ya karo za sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Sehemu ya fedha hizo hutokana na ada wanazolipa wageni wanaopita juu ya daraja la mbao katika mikoko ya Mida.

Huko Gede, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka wa 1993 huwalipa wakulima wanaofuga vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo. Mzazi akipata mapato ya aina hiyo, mwanawe halazimiki kuchagua kati ya daftari na kapu la shanga ifikapo Januari.

Kazi ya likizo humfunza kijana lugha, subira na thamani ya jasho lake. Ikimpeleka shuleni na viatu vipya siku ya kufungua, imemfaa. Lakini msimu haumsubiri mtu: masika yakifika, mgeni hupanda ndege akarudi kwao, na kijana aliyeacha masomo kwa ajili yake hubaki akiutazama ufuo mtupu.