Mtunga Mafumbo Aliyehojiwa na Majasusi

Kila inapowadia tarehe 6 Juni, siku ambayo mwaka 1944 majeshi ya Washirika yaliteremka katika fukwe za Normandy, Waingereza hukumbuka pia kisa cha mwalimu Leonard Dawe, ambaye kwa maneno matano tu, yaliyochapwa katika fumbo la maneno la gazeti la Daily Telegraph, alizitia hofu nyoyo za wakuu wa usalama wa dola yake.

Mchezo wenyewe, tuliozoea kuuita chemshabongo, ulizaliwa New York tarehe 21 Desemba 1913, pale Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochora visanduku vyenye umbo la almasi katika gazeti la New York World. Daily Telegraph likaupokea mwaka 1925, na Dawe akawa miongoni mwa watungaji wake wa mwanzo.

Ilipofika vita, Dawe alikuwa mkuu wa Strand School, skuli iliyohamishwa kutoka London hadi Effingham katika jimbo la Surrey. Mwezi Mei 1944 majawabu ya mafumbo yake yakatoa Utah, kisha Omaha, kisha Overlord, kisha Mulberry. Na tarehe 1 Juni likafuata Neptune. Kwa msomaji wa kawaida Mulberry ni mforsadi, na dokezo lilimkumbusha kichaka ambacho watoto wa Kiingereza hukizunguka wakicheza. Ilhali kwa majemadari neno hilohilo lilikuwa jina la siri la bandari za kuundwa, zilizokusudiwa kuburutwa baharini mpaka Ufaransa. Utah na Omaha zilikuwa fukwe za Wamarekani, Neptune kazi ya majini, na Overlord shambulio zima.

Wakuu wa usalama wakadhani kuwa siri za shambulio zinavujishwa kwa adui, na dhana yao haikukosa sababu, kwani mwezi Agosti 1942 fumbo la gazeti hilohilo lilitoa jawabu Dieppe siku moja tu kabla ya bandari hiyo kushambuliwa. Maofisa wa MI5, idara ya ujasusi ya Uingereza, wakamwendea Dawe, wakamhoji kwa ukali, na hatimaye wakaridhika kwamba ni sadfa tupu.

Mwaka 1984, Dawe akiwa amekwisha fariki, mwanafunzi wake wa zamani Ronald French alitoa kauli nyingine. Mtunga mafumbo, aghalabu, hujaza visanduku kwanza kwa maneno yanayokatana mlalo na wima, ndipo akatafuta dokezo la kila neno; na Dawe, kwa mujibu wa French, aliwapa wanafunzi kazi hiyo ya kujaza iwe mazoezi ya akili. Vijana hao walikuwa wakichanganyika na askari wa Kimarekani na wa Kikanada waliopiga kambi jirani, na French, mwenye umri wa miaka 14, akayaokota majina yale midomoni mwao. Mwalimu alipoyaona madaftari ya kijana huyo alifadhaika, akamwamuru ayachome moto na kumwapisha asiseme.

Kauli hiyo naiona nzito kuliko ile ya sadfa, maadamu inalingana na namna kazi inavyofanywa. Leo kompyuta huvijaza visanduku kwa dakika chache, na wahariri wetu huitupa chemshabongo pembeni mwa ukurasa bila ya jina la mtu. Mafumbo ya Dawe nayo yalichapwa bila ya jina lake, na dhuluma hiyo haifai kuendelezwa: jina la mtungaji na liandikwe chini ya fumbo lake, kama liandikwavyo la mshairi.