Ngozi Hutaka Kivuli

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii aghalabu hutumiwa katika mambo ya malezi, lakini kwa watu wa ufuo wa Ziwa Viktoria, toka Kisumu hadi Homa Bay, ni kweli vilevile juu ya ngozi. Ngozi ikishughulikiwa mapema hudumu miaka mingi; ikiachwa siku moja ama mbili tu, huoza, wala hapana fundi awezaye kuirudisha. Na tutazame jinsi sheria hiyo moja ilivyotawala historia ya ngozi katika nchi hii.

Hapo kale ng'ombe alikuwa mali, na ngozi yake haikutupwa. Wajaluo waliitandika wakalala juu yake. Ngozi hiyo kwa lugha yao huitwa pien. Ngozi nene za nyati na kiboko zilitengenezwa ngao, na za mbuzi na ndama zilivaliwa. Hata muziki haukuwa bila ngozi. Nyatiti, chombo cha nyuzi nane, huwambwa kwa ngozi ya ng'ombe, na orutu, chenye uzi mmoja, kwa ngozi ya kenge. Fundi wa vyombo hivyo ajua kwamba ngozi huwambwa ingali na maji, kisha huachwa ikauke polepole. Ikiharakishwa, itapasuka, ikilegea, chombo hakitalia.

Kwa nini ngozi ina tabia hii? Mnyama akisha chunwa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza mara moja kula nyuzinyuzi za ngozi yake. Chumvi huvizuia kwa muda, na kukausha huvizuia vilevile. Lakini dawa ya kudumu ni kuitengeneza ngozi kwa kitu kinachoshikamana na nyuzi hizo, kama vile maji ya magome ya miti. Katika pwani ya Mombasa na Lamu magome ya mkandaa yalitumika. Katika nyanda za juu za Kenya yalitumika magome ya miti ya wati, iliyoletwa na wageni. Ngozi iliyokwisha kutengenezwa hivyo haiozi upesi, nayo huwa laini ikipakwa mafuta.

Mambo yalibadilika reli ilipofika. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Meli zilileta bidhaa kutoka ng'ambo ya ziwa, na garimoshi likazipeleka baharini. Wafanyabiashara kama Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, walikuwa na maduka kandokando ya reli hiyo hadi Uganda. Ngozi kavu zikawa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa nje kutoka nchi hii.

Hapo ndipo hasara ilipoonekana. Mchunaji mwenye haraka alitoboa ngozi kwa kisu. Mwenye mifugo alimtia ng'ombe alama ya moto ubavuni, mahali penye ngozi nzuri. Tena ngozi ilitandazwa chini juani. Jua kali hukausha uso wa ngozi upesi, lakini ndani hubaki unyevu, na huko uozo huendelea kwa siri. Mnunuzi wa nchi za mbali hakuliona kosa hilo mpaka alipoitia ngozi majini kiwandani, ikabambuka vipande vipande. Basi akazishuku zote, akapunguza bei ya zote, na mwenye ngozi njema akaadhibiwa pamoja na mzembe.

Kwa sababu hiyo, katika siku za ukoloni maofisa wa mifugo walifundisha watu kuwamba ngozi juu ya fremu na kuzikausha chini ya banda, penye kivuli na upepo. Fundisho lilikuwa jema. Walakini faida kubwa ilibaki mbali, kwa kuwa anayeuza ngozi mbichi hulipwa kidogo, na anayeifanya kiatu hulipwa zaidi. Nyingi zilikwenda ng'ambo zikiwa kavu, na wenyeji wakanunua viatu vilivyoshonwa na wengine.

Nawe mwanafunzi unayevaa viatu vya ngozi, ujue kwamba sheria ya banda lile yakuhusu. Masika yakinyesha Kisumu na viatu vyako vikilowa, usiviweke karibu na moto wala juani, kwa maana mafuta yaliyomo yatatoka na ngozi itapasuka. Futa tope kwa kitambaa chenye maji kidogo, jaza karatasi ndani, uviache kivulini penye upepo. Ukungu ukiota, ufute kwa kitambaa kikavu. Vikisha kauka, vipake mafuta au rangi ya viatu kidogo, kisha uvisugue.

Tena iko ngozi nyingine ambayo babu zetu hawakuijua. Samaki mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye viwanda vya Kisumu vikawa vinakata minofu yake kwa kuiuza nje, na ngozi ikahesabiwa kuwa taka. Katika karne hii ya 21 mafundi wa mji huo wameanza kuiokota taka hiyo. Huikwangua nyama na magamba, huiosha mafuta yenye harufu, huitengeneza na kuitia rangi, wakapata pochi, mikoba na viatu. Jambo hili si geni ulimwenguni: watu wa Iceland walivaa viatu vya ngozi ya samaki tangu zamani. Lakini kwa Kisumu lina maana yake, kwa kuwa hapa ngozi haisafirishwi mbichi. Yule yule aliye karibu na ziwa ndiye anayeimaliza kazi.

Fundi huyo asiposhika ngozi saa zile za kwanza, hana kitu mkononi ila uvundo. Akiishika mapema, na kuikausha kwa subira, ana mkoba wa kuuza. Tofauti ya viwili hivyo haikuletwa na reli wala meli. Ni ile ile aliyoijua mwenye nyatiti zamani, alipoiwamba ngozi ingali na maji.