Gia za Wazee

Julai 1910, mbio za Tour de France zilipopanda Tourmalet katika milima ya Pyrenees kwa mara ya kwanza, waandaaji walimpa Gustave Garrigou faranga 100 za ziada kwa sababu alifika juu bila kushuka kwenye baiskeli. Wenzake wengi, wanaume waliolipwa kwa kazi hiyo, walishuka wakasukuma. Barabara ile inavuka mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na enzi hizo ilikuwa ya mawe na vumbi, kwa hiyo si haki kuwacheka. Lakini miaka minane kabla ya hapo, Agosti 1902, chama cha Touring Club de France kilikuwa kimepeleka baiskeli za matembezi kwenye mlima huohuo ili kuzipima, na mmoja wa waliopanda alikuwa mwanamke, Marthe Hesse, na baiskeli yake ya gia tatu iitwayo La Gauloise. Sifa iliyobaki na jina lake ni kwamba hakuweka mguu chini. Sidhani kama kuna atakayedai kuwa mapaja ya Hesse yaliyashinda ya Garrigou. Alimzidi gia.

Historia ya baiskeli ya barabarani kwa kawaida husimuliwa kupitia mabingwa: nani alivaa jezi ya njano, nani alianguka wapi. Ukiifuata hivyo, utaamini kwamba mashindano ndiyo yaliyoizaa baiskeli tunayoiona leo, na sisi wengine tumepokea makombo. Ushahidi wa Ufaransa, nchi iliyoandika mambo haya kuliko zote, unaelekea upande mwingine. Sehemu kubwa ya kinachoifanya baiskeli ya barabarani iende mbali, yaani gia nyingi, vyuma vyepesi visivyovunjika, tairi pana zenye upepo wa kutosha, ilibuniwa au ilikomazwa na waendeshaji wa ridhaa, watu waliopanda baiskeli kwa raha yao siku za mapumziko. Mashindano ya kulipwa yalizipokea nyingi kati ya hizo kwa kuchelewa, na mara nyingine yalizipiga marufuku kwanza.

Mahali pa kuanzia ni Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe, bunduki na utepe wa hariri. Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853, alikuwa mfanyabiashara wa hariri hapo. Mwaka 1887 aliiacha hariri, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha gazeti lililokuja kujulikana kama Le Cycliste, ambamo aliandika kwa jina la Vélocio. Mji ule umezungukwa na vilima. Ukitaka kutoka kuelekea kusini unakutana na Col de la République, mpando unaofikia mita 1,161. Mtu anayeshindana kwenye uwanja wa duara hana shida na mpando. Mtu wa makamo anayetaka kwenda Provence wakati wa Pasaka na kurudi na pumzi zake anayo shida hiyo kila safari, na kwenye tambarare inageuka: gia nyepesi iliyompandisha sasa inamfanya azungushe miguu bure. Vélocio alijaribu kila njia. Baiskeli zake za mwanzo zilikuwa na sproketi mbili, na mpandaji alishuka akahamisha cheni kwa mkono. Baadaye zikaja cheni mbili, habu zenye gia ndani, na hatimaye vihamisha cheni vilivyotengenezwa na mafundi wa mjini humo. Kila jaribio aliliandika gazetini, pamoja na kilomita, hali ya hewa na alichokula, na wasomaji wake waliandika majibu ya kumpinga au kumuunga mkono. Kwa maneno mengine, ilikuwa maabara isiyo na kuta, na waliofanya utafiti ndani yake walikuwa makarani, walimu na wenye maduka.

Aliyesimama upande wa pili ni Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903. Huyu hakuwa mjinga wa baiskeli: mwaka 1893 aliweka rekodi ya kwanza inayotambuliwa ya saa moja, kilomita 35.325. Baada ya jaribio la Tourmalet la 1902 aliandika kwamba gia za kubadilisha zinawafaa waliopita umri wa miaka 45, na kwamba ni bora mtu ashinde kwa misuli yake kuliko kwa ujanja wa kifaa. Msimamo huo aliutia kwenye kanuni. Kwa zaidi ya miaka 30 magwiji wa Tour walipanda Alps kwa namna ya kushangaza: gurudumu la nyuma lilikuwa na sproketi kila upande, hivyo wakifika chini ya mlima walishuka, wakalegeza nati, wakaligeuza gurudumu, wakakaza, wakaendelea. Wakifika juu, kazi ileile tena. Kihamisha cheni kiliruhusiwa kwa wote mwaka 1937 tu, mwaka mmoja baada ya Desgrange kuugua na kumwachia Jacques Goddet uongozi wa mbio.

Hoja ya Desgrange inastahili jibu, maana si kiburi kitupu. Mashindano yana haki ya kuchagua kipimo chake. Kama lengo ni kujua mwanamume yupi ana nguvu na moyo kuliko wenzake, basi vifaa vikifanana jibu linakuwa safi zaidi, na Desgrange alilifuata wazo hilo hadi mwisho: mwaka 1930 aliwapa washiriki baiskeli za njano zisizo na jina la kiwanda. Pia alikuwa na ugomvi na viwanda vilivyonunua ushindi. Yote hayo nayakubali. Ila yanathibitisha jambo moja kubwa: mashindano kwa asili yake hufunga milango, kwa kuwa bila kufunga milango hakuna usawa. Kifaa kipya kikija, swali la kwanza ni kama kinaruhusiwa. Mwaka 1933 Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja kwenye baiskeli ya kulalia chali. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa liliitoa baiskeli ya aina hiyo kwenye mashindano yake. Mpanda baiskeli wa ridhaa hana refa. Swali lake ni kama kitu kinamfikisha.

Kinachochekesha ni kwamba Desgrange huyohuyo aliwapa watu wa ridhaa chombo chao muhimu kuliko vyote. Italia ilikuwa imetangulia mwaka 1897, kundi lilipotoka Roma hadi Napoli, kama kilomita 230, kwa siku moja. Waliofaulu wakajiita audax, wenye kuthubutu. Desgrange aliuleta utaratibu huo Ufaransa mwaka 1904: unaendesha na kundi kwa mwendo uliopangwa, ukimaliza unapewa cheti. Mwaka 1921 klabu ya Audax Club Parisien ilikorofishana naye, ikaanzisha vyeti vyake ambapo kila mtu anakwenda kwa mwendo wake mradi asipitishe muda. Mabadiliko yanaonekana madogo, lakini yalimlazimisha mpandaji kujitegemea: ramani yake, chakula chake, taa yake, tairi yake ya kuziba kiraka saa tisa usiku mvua ikinyesha.

Mbio za Paris–Brest–Paris zinaonyesha vizuri nani alibaki na nini. Zilianza mwaka 1891 kama tangazo la gazeti la Le Petit Journal, takriban kilomita 1,200 kwenda na kurudi. Zaidi ya watu 200 walianza, na Charles Terront akashinda kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 71 akitumia tairi za Michelin zinazovulika. Kuanzia 1931 watu wa ridhaa walipewa nafasi rasmi pembeni ya wanaolipwa. Mwaka 1951 Maurice Diot aliimaliza njia hiyo kwa saa 38 na dakika 55, na huo ukawa mwisho wa mbio za kulipwa. Mwaka 1956 ziliitishwa tena, lakini waliojiandikisha walikuwa wachache mno. Ukweli ni kwamba mshahara haukuwa na sababu ya kukaa barabarani usiku kucha. Walioendelea ni wale wasiolipwa. Leo safari hiyo hufanyika kila baada ya miaka minne, kikomo cha kawaida ni saa 90, na mwaka 2019 walianza zaidi ya 6,000 kutoka pande zote za dunia.

Mahitaji ya safari hizo ndefu za kujitegemea ndiyo yaliyozaa vyuma. Kati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1940, vyama vya watalii wa baiskeli viliandaa mashindano ambapo kinachoshindanishwa ni mashine. Baiskeli ilipimwa kwa mizani ikiwa na taa, madigadi na keria, kisha ikapelekwa milimani kwenye barabara mbovu kwa siku kadhaa, na mwisho ikakaguliwa: spoki iliyokatika, boliti iliyolegea au taa iliyozima vilipunguza alama. Mafundi wadogo kama Alex Singer na René Herse walijijengea majina hapo. Chukua krenki. Stronglight ya Saint-Étienne ilitoa mwaka 1933 krenki ya alumini isiyofungwa kwa pini ya kugongwa na nyundo. Watalii waliikumbatia. Wanaolipwa walibaki na krenki za chuma na pini zake kwa miaka mingi, na Campagnolo, jina kubwa la mashindano, ilitoa krenki yake ya alumini mwaka 1958. Robo karne nzima! Kwa haki, inasimuliwa pia kwamba Antonin Magne alitumia rimu za alumini katika Tour ya 1934 zikiwa zimepakwa rangi zifanane na mbao. Kama ni kweli, basi hata mwanamashindano aliyetaka kipya alilazimika kukificha.

Atakayepinga atasema mashindano yameleta mengi: pedali ya kunasa kiatu ya Look ilipata umaarufu Bernard Hinault alipoitumia na kushinda Tour mwaka 1985, na fremu za kaboni zilienea kwa sababu mabingwa walizipanda. Ni kweli, na ndivyo mashindano yanavyofanya kazi vizuri: yanatangaza, yanapima kwa ukali, yanaleta fedha. Sisemi kwamba hayakuchangia. Nasema kwamba kutangaza na kubuni ni kazi mbili, na hesabu ya ubunifu imeandikwa kwa jina lisilo lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na msomaji wa Afrika Mashariki atalitoa kabla ya kuambiwa. Gia nyingi na alumini ni anasa. Baiskeli iliyobeba mkaa, ndizi, madumu ya maji na abiria katika nchi zetu ni ile nzito ya gia moja, Raleigh ya Nottingham na baadaye Phoenix ya China au Hero ya India, na imefanya kazi kuliko baiskeli yoyote ya kitalii ya Paris. Hilo ni kweli tupu. Lakini baiskeli hiyo haikubaki na gia moja kwa sababu Desgrange alikuwa na haki. Kwenye mpando mwenye mzigo hushuka akasukuma, sawa na magwiji wa 1910. Ilibaki hivyo kwa sababu ya bei, na kwa sababu fundi chini ya mwembe anaweza kuifungua yote kwa spana chache na vipuri vinavyopatikana gulioni. Tatizo lake lilikuwa la tatu, tofauti na la mwanamashindano na la mtalii, nalo likaipa mashine umbo lake.

Kuna sehemu moja ambapo watu wa ridhaa walisalimu amri, nayo ni namna ya kukaa. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza, Hamley na Thomas, walipendekeza urefu wa siti, kutoka kwenye pedali iliyo chini kabisa, uwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani. Miaka ya 1980 ikaenea kanuni iliyohusishwa na Cyrille Guimard na Greg LeMond: zidisha urefu huo wa mguu kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Hesabu hizi si mbaya kama mahali pa kuanzia. Kilichoharibu ni picha iliyokuja nazo: usukani uliozama chini sana ya siti, mgongo uliolala kama wa kijana wa miaka 24 anayenyooshwa viungo kila jioni. Picha za zamani za watalii wa Ufaransa zinaonyesha usukani karibu sawa na siti, na walikuwa na sababu. Kwenye safari ya siku tatu kinachoshindwa kwanza mara nyingi si mguu bali kiganja kinachokufa ganzi, makalio, na shingo. Katika mbio za kuvuka Marekani mwaka 1983, misuli ya shingo ya Michael Shermer ilikataa kubeba kichwa chake, na hali hiyo sasa huitwa kwa jina lake. Karani wa miaka 50 anayenunua baiskeli iliyopangwa kama ya bingwa amenunua jibu la swali ambalo hakuuliza.

Kwenye tairi mambo yamekuwa kinyume. Kwa muda mrefu duka lolote lilikuuzia milimita 23 au pungufu, zilizojazwa upepo hadi zigonge kama jiwe, kwa kuwa ndivyo walivyofanya wanaolipwa. Vélocio alitetea tairi za milimita 40 na zaidi, na watalii wa Paris walipanda za kati ya 35 na 42 kwenye magurudumu madogo ya 650B. Tangu miaka ya 2010 timu za kulipwa zimepanda hadi 25, kisha 28, na sasa 30 si ajabu, baada ya vipimo kuonyesha kwamba kwenye lami halisi, yenye mikwaruzo, tairi pana haipotezi mwendo. Breki za diski nazo zilihalalishwa rasmi kwa mbio za barabarani mwaka 2018, wakati wapandaji wa kawaida walishazizoea. Na mwaka 2016, huko Ambert katikati ya Ufaransa, mashindano ya mashine yalifufuliwa: mafundi wa fremu wakaleta baiskeli zenye taa, madigadi na keria, zikapimwa kwa mizani, zikapelekwa milimani, na waamuzi wakasubiri kwenye mstari kuhesabu boliti zilizolegea.