Ukuta na Uwazi: Historia ya Mpango wa Ndani wa Nyumba Mjini Lubumbashi

Utangulizi

Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Methali hii yafaa kutangulizwa katika mjadala unaosikika siku hizi mjini Lubumbashi baina ya mafundi, wachora ramani na wenye viwanja. Je, nyumba ya kisasa iwe na ukumbi mmoja mpana, ambamo sebule, meza ya kulia na jiko havitengwi kwa kuta, au ibaki na vyumba vyenye milango yake? Wanaopendelea ukumbi wa wazi huuita maendeleo. Wanaoupinga huuita uigaji wa mambo ya kigeni. Pande zote mbili huchukulia kwamba ukuta ndio mila na uwazi ndio ugeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya mji haikubaliani na dhana hiyo. Lubumbashi ya wafanyakazi ilianza na chumba kisichogawanywa. Ukuta ulifuata baadaye, nao ulikuwa na gharama yake.

Chumba kimoja: 1910 hadi 1927

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, jina lililodumu hadi mwaka 1966. Katika mwaka huohuo wa 1910 reli kutoka kusini ilifika, na shirika la kuandikisha vibarua, Bourse du Travail du Katanga, likaundwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza mjini mwaka 1911. Vibarua waliletwa kwa mikataba ya miezi michache, wengi wao bila wake zao, na walitarajiwa kurudi makwao mkataba ulipokwisha.

Kwa mtu anayetarajiwa kuondoka, kampuni haikuona sababu ya kujenga ukuta wa ndani. Wanaume walilala pamoja katika chumba kimoja, jirani na moto wao, na magonjwa ya mapafu na ya matumbo yaliwaua wengi. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ilizidisha msiba huo. Uwazi wa namna hii haukuwa mtindo wa ujenzi, bali hesabu ya gharama. Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi. Makao ya wafanyakazi yaliitwa kambi, neno ambalo katika Kiswahili cha misafara lilitaja kituo cha kupumzikia, mahali ambapo watu hufika jioni na kuondoka alfajiri. Kambi haina vyumba, kwa sababu haikusudiwi kuwa kwao na mtu.

Ukuta wa kampuni

Kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière ilibadili siasa yake. Kuandikisha watu kutoka mbali kulikuwa na gharama kubwa, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwekea mipaka uandikishaji wa watu vijijini, na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilihitaji watu walewale. Kampuni ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikawakubali wake na watoto, ikawapa posho ya chakula, matibabu na shule. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa viongozi wakuu wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1946.

Siasa mpya ilihitaji nyumba mpya. Familia haiwezi kulazwa kama kikosi. Nyumba za matofali zikajengwa, na polepole ukuta ukaingia ndani ili kutenga malazi ya wazazi na ya watoto. Kwa mume na mke waliotoka katika kambi za awali, mlango unaofungwa ulikuwa heshima isiyo ndogo. Hata hivyo ukuta huo haukuwa mali yao. Mwajiri na mwenye nyumba walikuwa mmoja. Aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Nyumba ilitolewa kwa kufuata ukubwa wa familia na cheo kazini, na usafi wake ulikaguliwa. Mkuu wa kambi alijulikana kwa jina la Tshanga-Tshanga, yaani mwenye kuchanganya watu. Jina hilo la kejeli lilisema kweli: watu wa makabila mbalimbali walichanganywa kambini kwa amri, huku kila familia ikitengwa ndani ya kuta zake kwa amri hiyohiyo.

Nje ya kambi za kampuni, katika mitaa ya Kamalondo na Kenya, kisha Katuba na Ruashi, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mitaa ya Waafrika ilitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda usiojengwa. Huo nao ulikuwa ukuta, ingawa haukuwa na matofali. Lakini ndani ya kiwanja, mpangaji wa nyumba hakuwa mmoja daima. Chini ya uongozi wa Fernand Grévisse, wakazi walikopeshwa vifaa vya ujenzi ili wajijengee wenyewe. Ofisi ya makao ya Waafrika, Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga kwa michoro iliyotayarishwa na wataalamu. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ya kwanza, mwenye nyumba aliweza kuamua ukuta upite wapi. Katika ya pili, aliukuta umekwisha kupita.

Uwazi wa lupango

Mtu atauliza: kama vyumba vilikuwa vidogo na vichache, maisha ya pamoja yalifanyika wapi? Jibu ni moja: nje. Neno lupango, ambalo wakazi wa Lubumbashi hulitumia kwa kiwanja kizima pamoja na kila kilichomo, linaonyesha kwamba nyumba haikomei kwenye kuta zake. Chini ya mwembe au mparachichi ndipo mbabula huwashwa kwa makala, bukari husongwa, sombe hutwangwa, watoto huogeshwa na wageni hupokewa. Msiba unapotokea, samani hutolewa sebuleni, wanawake huketi chini, na wanaume hukesha nje kando ya moto. Ndani ni pa kulala na kuweka akiba. Uwazi uko uani.

Baina ya ndani na uani ipo barza. Neno hili ni baraza ya pwani, iliyosafiri hadi Kongo na kuingia hata katika Kifaransa cha wakoloni kwa maana ya ukumbi wa mbele wenye paa. Barza ya nyumba ya Mzungu ilikuwa mahali pa kupumzikia. Jiko mara nyingi lilikuwa nyuma, na mtumishi aliishi katika kijumba cha mwisho wa kiwanja. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Elisabethville na André Yav mwaka 1965, na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, ilitoka katika kundi la hao waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani. Kwa watu hao mpango wa nyumba haukuwa suala la uzuri: ulionyesha nani apite mlango gani.

Pwani yenyewe inatoa mfano mwingine. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mgeni huanzia dakani, huingia kiwandani, na kutoka hapo misana hufuatana moja nyuma ya nyingine hadi ndani kabisa. Upana wa kila msana uliwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, yapata mita tatu. Misana hiyo ilikuwa wazi kuelekea kiwanda, lakini kila hatua iliongeza faragha. Uwazi na stara havikugombana, kwa kuwa vilipangwa kwa daraja.

Faida na hasara za ukumbi wa wazi

Ukumbi wa wazi wa leo una historia yake nyingine. Saruji yenye nondo iliziondolea kuta za ndani mzigo wa paa, na mwaka 1926 Le Corbusier aliuhesabu mpango huru wa ndani miongoni mwa kanuni zake tano. Huko Ulaya na Marekani jiko liliunganishwa na sebule kadiri watumishi walivyozidi kutoweka majumbani, na majiko ya gesi na umeme yalivyopunguza moshi. Sharti hizo mbili hazijatimia sawasawa Lubumbashi.

Faida zake haziwezi kukanushwa. Nuru na hewa hupita. Mama anayepika huona watoto wake, wala hatengwi na mazungumzo. Kuta chache hupunguza matofali, na ukumbi mpana hupokea ukoo mzima siku ya arusi au ya kilio bila kuhamisha samani nyingi. Kwa wengine upo pia ukombozi: jiko lililofichwa nyuma lilikuwa mahali pa kumficha mtu.

Hasara nazo ni za kweli. Umeme unapokatika, kaya hurudia makala, na mbabula ndani ya nyumba isiyo na kuta hupeleka moshi na sumu yake hadi vitandani. Harufu ya samaki mkavu humpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Mkwe, ambaye adabu yataka asikutane ovyo na wakwe zake, hukosa pa kupitia. Mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi huwa na baridi mwezi wa Juni na Julai, na ukumbi mkubwa hauoti joto upesi. Zaidi ya hayo, chumba chenye mlango ni akiba. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, ulipoporomoka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994, na mishahara ikakosekana, kaya ziliweza kupangisha chumba au kumpokea ndugu. Ukumbi wa wazi haupangishiki.

Hitimisho

Basi swali la kama ukuta ni bora kuliko uwazi halina jibu moja. Uwazi wa kambi ulikuwa dharau, uwazi wa lupango ulikuwa ujirani. Ukuta wa kampuni ulistiri na kukagua kwa pamoja. Kilichotofautisha hali hizo ni mamlaka: nani aliyeamua ukuta upite wapi, na nani aliyelala nyuma yake. Jambo la kuangaliwa leo ni kwamba nyumba nyingi mpya zenye ukumbi wa wazi zimezungukwa na kuta ndefu za kiwanja. Uwazi umetolewa uani na kuingizwa ndani, na jirani amebaki nje. Mchora ramani anayetaka kuihudumia Lubumbashi hana budi kuuliza kwanza wapishi, wakwe na wapangaji, yaani wale watakaolala ndani, kwani hao ndio watakaoijua ila yake.