Shomoro wa China

Ndugu mkulima, mtama ukianza kukomaa tunawapeleka watoto shambani na manati na debe la kupiga kelele. Siku hizo kila ndege jina lake ni moja tu: mwizi. Leo nakupa habari ya nchi iliyoamua kummaliza mwizi huyo kabisa.

Mwaka 1958 serikali ya China ilitangaza vita dhidi ya maadui wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Watatu hao wengine walishtakiwa kwa kueneza magonjwa. Kosa la shomoro lilikuwa kula nafaka, na hilo si uongo, anakula. Basi watu wakatoka, wazee kwa watoto, mjini na vijijini, wakapiga ngoma, masufuria na madebe. Ndege akitaka kutua, anafukuzwa. Aliruka hivyo hivyo mpaka nguvu zikamwishia, akaanguka chini. Viota vikabomolewa, mayai yakavunjwa, makinda yakauawa.

Sasa angalia palipokosewa. Wataalamu wa ndege, mmoja wao Zheng Zuoxin, waliwapasua shomoro matumbo kuona wamekula nini. Wakati wa baridi walikuta mbegu. Majira ya kuzaa mambo yakawa mengine: kinda halikuzwi kwa nafaka kavu, mzazi hulilisha viwavi na wadudu wengine kutwa nzima. Kumbe aliyebomoa kiota aliwaokoa wadudu! Wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro akafutwa katika orodha ya maadui. Nafasi yake akapewa kunguni.

Njaa ya China ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya watu. Tusimtwike mzigo wote shomoro, maana nafaka nyingi mno ilichukuliwa kutoka vijijini, na wakulima wengi walitolewa shambani wakayeyushe chuma. Lakini wadudu nao walikula sehemu yao.

Na hapa kwetu je? Kweleakwelea ni balaa kweli, akiingia kwa makundi usikae ukimtazama, toa taarifa upesi. Ila manati hiyo usimwelekezee yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni, wala mbayuwayu, wala korongo anayetua shambani viwavijeshi wakiingia. Kama huna hakika na ndege fulani, asubuhi moja kaa mbali kidogo na kiota chake, utazame anacholeta mdomoni.