Kuujua Moto: Upimaji wa Joto la Tanuri katika Nyanda za Juu za Kigoma

Nyabibuye ni kata iliyohesabiwa kwa miaka mingi katika Wilaya ya Kibondo, hadi Wilaya ya Kakonko ilipoundwa mwaka 2012, na kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Buha, yaani nchi ya Waha inayoenea kutoka Kasulu hadi Kibondo, maisha yake yamesimama juu ya kuni za miyombo. Historia ya kuni hizo huandikwa zaidi kama historia ya miti iliyokatwa, na mtazamo huo una haki yake, lakini unaacha nje jambo ambalo mafundi wa eneo hili wamelishughulikia kwa karne nyingi, nalo ni namna ya kujua moto umefikia joto gani na umebakiza nini kabla haujaharibu kazi. Leo kifaa cha kidijitali cha kupimia joto la jiko la kuni kinaweza kuundwa nyumbani kwa sehemu chache za kielektroniki, na ni rahisi kukiona kama kitu kigeni kisicho na mizizi. Hata hivyo, kikiwekwa katika mfuatano wa matanuri ya magharibi mwa Tanzania, kinaonekana kuwa jibu jipya la swali la zamani sana.

Ushahidi wa kale zaidi unaofahamika vyema katika Mkoa wa Kigoma unatoka Uvinza, kusini mwa Kasulu, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia Malagarasi. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba katika chemchemi za Nyamsunga na kukuta mabaki ya vyungu na mafiga yaliyoonyesha kwamba maji ya chumvi yalikuwa yakichemshwa hapo tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Kufikia karne ya 19 chumvi hiyo ilikuwa ikisafirishwa pande zote za Ziwa Tanganyika na hadi Unyamwezi, huku watu kutoka Buha na kwingineko wakifika wakati wa kiangazi, mito inapopungua, ili wachemshe na kuondoka na mizigo yao. Kazi hiyo ilidai moto wa kudumu kuliko moto mkali, kwa kuwa maji yaliyoshiba chumvi huchemka kwenye takriban nyuzi 108 za Sentigredi usawa wa bahari, na chungu cha udongo kilichoachwa kikauke juu ya moto uliozidi hupasuka. Mchemshaji hakuhitaji tarakimu ili ajue hayo, kwani sauti ya mchemko hubadilika uji wa chumvi unapoanza kuwa mzito, na chembe za kwanza huonekana ukingoni mwa chungu.

Katika uyeyushaji wa chuma swali la joto lilikuwa zito zaidi, na hapa kisa kilichochunguzwa kwa kina kinapatikana kaskazini ya Buha, katika nchi ya Wahaya ya mkoa wa Kagera, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge upya tanuri la namna ile waliyoikumbuka, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi baada ya majembe na vyuma vya viwandani kujaa masokoni. Wazee walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida, wakachoma matete ya bwawani na kulijaza shimo kwa masalia yake yaliyogeuka kaboni, kisha wakainua mnara mfupi kwa kutumia mavi ya chuma ya matanuri ya zamani, yaani uchafu mgumu unaobaki madini yakishatenganishwa na chuma. Mirija minane ya udongo ilipenyezwa hadi ndani ya tanuri, na kila mmoja ulipuliziwa hewa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, iliyosukumwa na wanaume waliopokezana kwa saa nyingi.

Waliokuwa zamu walisoma moto kwa namna kadhaa kwa pamoja: rangi ya mwako ndani ya mrija, mlio wa hewa unaobadilika mdomo wa mrija unapoanza kuziba, na mwendo wa mavi ya chuma yanapolainika, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kwenye takriban nyuzi 1,200. Jicho lililozoea hutenganisha wekundu hafifu wa nyuzi 600 au 700 na umanjano wa nyuzi zaidi ya 1,000 bila shida. Wageni nao walikuwa na vyombo vyao, zikiwemo themokapo, ambayo ni jozi ya nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na ambazo zikipata joto kwenye kiungo hicho huzalisha umeme mdogo sana unaoweza kupimwa na kugeuzwa kuwa nyuzi. Tanuri likapimwa kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1978 pamoja na hoja kwamba hewa ilipata joto kubwa ikiwa bado ndani ya mirija, kabla ya kuyafikia makaa, hivyo kuongeza ukali wa moto na kupunguza mkaa uliohitajika. Uchimbaji wa Schmidt katika ghuba ya Kemondo ulionyesha kwamba uyeyushaji wa chuma katika eneo hilo ulikuwa wa karne nyingi, ukirudi nyuma hadi takriban miaka 2,000 iliyopita.

Hoja ya hewa iliyopashwa joto haikupokelewa na wote. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa matanuri, aliipinga kwa maandishi, akishikilia kwamba joto ambalo hewa ingeweza kuchukua katika safari fupi ya ndani ya mrija lilikuwa dogo kuliko ilivyodaiwa, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Kwa mwandishi wa historia ya upimaji, ubishi huo una thamani kuliko ushindi wa upande wowote, kwa sababu unaonyesha kwamba tarakimu ya themokapo haiwi ukweli mpaka ijulikane ncha yake ilikuwa imegusa nini: waya ulio wazi ndani ya mrija unaowaka hupokea joto la hewa inayopita, na hupokea pia mnururisho wa kuta za mrija wenyewe, hivyo usomaji mmoja unaweza kuwa sahihi kwa waya na wa kupotosha kwa hewa. Wazee waliosimama kwenye mivukuto hawakuwa na tatizo hilo, maana hawakuwa wakitafuta joto la nukta moja. Walikuwa wakifuata hali ya tanuri zima.

Chombo chenyewe kilikuwa na historia fupi kuliko ya mirija ya Kemondo. Mwaka 1782 mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood alieleza njia ya kupima joto la tanuri kwa vipande vya udongo vinavyosinyaa vikichomwa. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua athari ya umeme ambayo themokapo huitegemea. Na katika miaka ya 1880 Mfaransa Henry Le Chatelier aliunda themokapo ya platinamu iliyoweza kuaminika viwandani. Kazi za wote watatu zilichangia njia ya kuyaandika maarifa ya joto ili yasafiri bila mtu aliyeyapata.

Maarifa yaliyoandikwa namna hiyo yalifika Kibondo na Kasulu kwa kupitia zao la tumbaku. Tumbaku ya mvuke, yaani ile inayokaushwa kwa hewa ya moto bila moshi kuligusa jani, ina asili ambayo wakulima wa Kigoma wangestahili kuisikia mara nyingi zaidi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, katika kaunti ya Caswell huko North Carolina, Stephen, mhunzi aliyekuwa mtumwa katika shamba la Abisha Slade, alisinzia akiwa zamu ya kulinda moto wa kukaushia. Alipoamka na kuukuta unakaribia kuzima, alichota mkaa wa kiwanda chake cha uhunzi na kuutupia, na joto kali la ghafla likatoa jani la njano angavu ambalo soko lililipenda. Tajiri alinufaika na jani hilo, na zao likaenea, lakini chanzo chake kilikuwa mtu wa ukoo wa Kiafrika aliyejua mkaa unafanya nini kwenye moto.

Katika Tanganyika zao hilo lilipata msukumo Urambo, ambako baada ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza kuachwa mwaka 1951 ardhi iligeuzwa kuwa ya tumbaku, na kutoka Tabora likasambaa magharibi hadi Kigoma. Makazi ya Buha yalikuwa yamekwisha kupangwa upya mara mbili, kwanza katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na tena mwaka 1972 kwa Operesheni Kigoma iliyowahamishia katika vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo bani, ambalo ni jengo refu la kukaushia tumbaku, likawa linajengwa katika vijiji ambamo nyumba zilikuwa karibu karibu na msitu uko mbali kuliko zamani.

Ndani ya bani majani yaliyofungwa kwenye fito hutundikwa kwa ngazi hadi karibu na paa. Tanuri la kuni huwa chini, na mdomo wake hufunguka nje ya ukuta, nalo huunganishwa na mabomba ya bati yanayozunguka sakafuni kabla ya kutoka kama bomba la moshi, hivyo hewa ya ndani hupashwa na bati bila kuchanganyika na moshi. Ukaushaji huchukua takriban siku 5 hadi 7 na hupita katika hatua ambazo kila moja ina joto lake: mwanzo huwa kati ya nyuzi 32 na 38, hewa ikiwa na unyevu mwingi, ili jani ligeuke njano likiwa bado hai, joto hupandishwa polepole kupita nyuzi 50 ili rangi ishikwe na ubapa wa jani ukauke, mwisho hufika karibu nyuzi 70 au zaidi kidogo ili uti mnene wa katikati nao ukauke. Ukipandisha mapema, jani hukauka likiwa na ukijani ambao hautoki tena. Ukichelewa, linageuka kahawia. Na ukiacha moto ushuke usiku wa mwisho, unyevu wa uti hurudi kwenye ubapa na kuacha michirizi inayoshusha daraja siku ya kuuza. Kipimajoto cha kioo kilichotundikwa kati ya fito ndicho kilichomsaidia mkulima, na kilimlazimu aamke, achukue tochi, afungue mlango na kupoteza sehemu ya joto aliyokuja kulipima.

Jikoni mambo yalikwenda tofauti, kwa sababu mpishi wa mafiga matatu husoma chungu chenyewe na hana haja ya kujua nyuzi. Kipimo kiliingia huko kwa njia ya mjadala wa kuni, hasa baada ya wakimbizi wa Burundi kuingia kwa wingi kufuatia mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, kambi ya Nyarugusu kufunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kambi za Nduta na Mtendeli kupokea Warundi wengine baada ya mgogoro wa 2015. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa Kigoma mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, na shirika la TaTEDO lililoanzishwa mwaka 1990, yalieneza majiko banifu, yaani majiko yanayofunika moto ili joto lielekezwe kwenye chungu. Ubora wa majiko hayo hupimwa maabara kwa kuchemsha maji na kupima kuni zilizotumika, na matokeo hayo kwa kawaida hayamrudii aliyebeba kuni.

Kifaa cha kujitengenezea kinaanzia hapo. Sehemu zake kuu ni tatu: kihisi kinachoingia kwenye joto, kompyuta ndogo ya ubao mmoja kama Arduino, iliyoanzishwa Italia mwaka 2005, na kioo kinachoonyesha tarakimu, vyote vikiendeshwa na betri inayochajiwa kwa paneli ya jua. Kwa tanuri lenyewe au bomba la moshi hutumika themokapo ya aina ya K, inayotoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Umeme huo ni mdogo mno kusomwa moja kwa moja, kwa hiyo huwekwa chipu ya MAX6675, ambayo huukuza, hufidia joto la mwisho wa pili wa waya, na kusoma hadi nyuzi 1,024 kwa hatua za robo nyuzi. Kwa bani, ambalo halifiki nyuzi 80, kihisi cha DS18B20 kinatosha, na vihisi kadhaa vya aina hiyo vinaweza kuungwa kwenye waya mmoja, kimoja juu na kimoja chini, hata tofauti kati ya paa na sakafu, ambayo kipimajoto kimoja cha kioo kiliificha, ionekane. Kihisi kingine kikifungwa kitambaa chenye maji husoma pungufu kadiri hewa ilivyo kavu, na pengo kati yake na kihisi kikavu huonyesha unyevu ambao zamani ulijulikana kwa kulifinya jani vidoleni.

Kukirekebisha kifaa hicho kunahitaji kuijua nchi. Maelekezo mengi huagiza kihisi kitumbukizwe katika maji yanayochemka na kuwekwa kwenye nyuzi 100, lakini maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari tu. Katika mwinuko wa mita 1,500, kama ulivyo katika baadhi ya sehemu za Kibondo na Kasulu, huchemka kwenye takriban nyuzi 95, na fundi asiyelizingatia hilo atakuwa ameongeza kosa la nyuzi 5 katika hatua ya manjano, ambayo upana wake wote ni nyuzi 6. Barafu iliyosagwa na kuchanganywa na maji hutoa sifuri popote, nayo siku hizi hupatikana mahali palipo na friji ya duka. Pembeni mwa ubao kengele ndogo inaweza kuamriwa ilie joto likishuka chini ya kiwango kilichowekwa, ili aliyelala ndani aamke moto unapomhitaji, na kadi ya kumbukumbu huhifadhi mwenendo wa siku zote za ukaushaji kwa mkulima mwenyewe, ambaye atausoma pamoja na daraja alilopata sokoni kabla ya kuwasha tanuri la msimu unaofuata.